Reli ya Kusini: Tuhesabu Watu Kabla ya Injini

Kila inapozungumzwa habari ya reli ya kusini, mambo matatu hutangulia midomoni mwa watu: urefu wa njia, gharama ya ujenzi na nguvu ya injini. La nne halitajwi, au likitajwa husemwa kwa sauti ya chini mwishoni mwa kikao, wakati watu wamekwisha kukusanya makaratasi yao. Nalo ni hili: treni hizo zitaendeshwa na watu wangapi, watu hao watapumzika saa ngapi, na watafundishwa lini?

Mpango wa kujenga reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, njia ya kilomita zipatazo 1,000, umekuwa mezani kwa miaka mingi. Iwapo njia hiyo au tawi lake litafika Nachingwea na Ruangwa ni jambo la kuamuliwa na ramani na mizigo. Lakini wananchi wa wilaya hizi mbili wanayo haki ya kuuliza swali la watu mapema kuliko wengine, kwa sababu katika nchi yao reli ilikwisha kuja, na ikaondoka.

Yafaa tukumbushane. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, ili Waingereza wapate mafuta ya kula ambayo yalikuwa haba baada ya vita. Tume iliyoongozwa na John Wakefield ilizunguka kwa majuma machache tu, ikarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni 3. Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu za mradi huo katika Tanganyika, pamoja na Kongwa na Urambo. Karanga za Nachingwea zilihitaji kufika baharini, kwa hiyo reli ikajengwa. Mwaka 1949 njia iliyoanzia Mkwaya, penye mkono wa bahari wa Lindi, ilifika Nachingwea. Baadaye, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Wakati huo mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Serikali ya Uingereza iliuacha Januari 1951, ikafuta pauni milioni 36 katika vitabu vyake. Reli ikabaki ikingoja mzigo ambao haukupata kuota. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyenyewe vikang'olewa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha wakoloni, na kweli kinachekesha. Mimi naona ndani yake kosa ambalo sisi wenyewe twaweza kulirudia tukiwa na bendera yetu na wahandisi wetu. Mpango ule ulihesabu ekari, matrekta na tani. Watu wa kuyaendesha na kuyatengeneza matrekta hayo walichukuliwa kuwa ni jambo la kufuata baadaye, litakalojipanga lenyewe. Matrekta, mengi yao masalia ya vita, yaliwekwa mikononi mwa madereva ambao hawakupewa muda wa kufundishwa, na yakaharibika moja baada ya jingine. (Haki itendeke kwa mashamba yale: Farm 17 ya Nachingwea iliyoshindwa kuwalisha Waingereza ndiyo iliyokuja kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Ardhi ile ilipopata watu waliofundishwa, ilizaa.)

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Nitaifanya waziwazi, kwa sababu ni hesabu ya darasa la saba, na hapana sababu ya kuifunika kwa istilahi za ofisini.

Tuchukue mfano wa njia ya kilomita zipatazo 200 kati ya Mtwara na Nachingwea. Tuseme kila siku treni mbili za mizigo zinapanda na mbili zinashuka. Mtu asiyejua kazi ya reli atasema mara moja: safari nne, basi vikosi vinne vya wafanyakazi, na kwa kuwa kila kikosi kina dereva, msaidizi wake na gadi, jumla watu 12. Hesabu hiyo ni tamu, na bajeti huipenda. Lakini ni ya uongo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Kati ya kumaliza zamu moja na kuanza nyingine mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za mapumziko. Kila wiki apate saa 24 za kupumzika. Kila mwaka apate likizo ya siku 28. Haya si maombi ya mfanyakazi mvivu. Ni sheria ya nchi, iliyopitishwa na Bunge.

Tuseme treni yetu inakwenda wastani wa kilomita 25 kwa saa, mwendo ambao si mgeni kwa treni ya mizigo kwenye njia ya zamani. Safari ni saa 8. Ongeza saa moja ya kuripoti kazini, kukagua injini, kupima breki na kukabidhi. Zamu moja ni saa 9, na kikosi kilichofika Nachingwea hakiwezi kurudi leo, kitalala huko. Safari nne kwa siku ni saa 36 za kikosi, na kwa wiki saa 252. Gawanya kwa 45, unapata vikosi 5 na zaidi ya nusu. Tayari tumewapita wale wanne wa yule ndugu wa bajeti, na bado hatujapeleka mtu likizo.

Ongeza injini ya kupanga mabehewa katika yadi ya Mtwara, saa 12 kila siku: saa 84 kwa wiki. Ongeza kikosi cha akiba, kile kinachokaa tayari usiku na mchana ili dereva akishikwa na homa saa nane za usiku treni isilale stesheni: saa 168 kwa wiki. Jumla yetu sasa ni saa 504. Gawanya kwa 45: vikosi 11 na kitu. Lakini hakuna mtu anayefanya kazi wiki zote 52. Ondoa wiki 4 za likizo, kama wiki 2 za sikukuu za taifa na za dini, na tukadirie wiki 2 nyingine za ugonjwa, uzazi, misiba, na mitihani ya kanuni na macho ambayo dereva wa treni hana budi kuifanya. Zinabaki wiki 44. Zidisha 11.2 kwa 52, gawanya kwa 44. Jibu ni 13 na zaidi kidogo, na kwa kuwa hapana robo ya dereva, ni vikosi 14. Watu 42, si 12.

Namwomba msomaji aangalie tena namba hizo, maana ndani yake mna jambo ambalo wapangaji wengi hawalioni. Nusu ya saa zetu 504 hazimo kabisa katika treni inayokwenda. Zimo yadini na katika kungoja. Mtu anayepita ofisi ya zamu na kumwona dereva wa akiba ameketi akinywa chai husema, "Huyu analipwa bure." Hivyo ndivyo ilivyo kwa mzima-moto na mkunga wa zamu, nao hatuwaiti wanyonyaji. Punguzo la kwanza katika kila mpango wa kubana matumizi humwangukia huyo wa chai. Kisha siku ya homa inapofika, dereva aliyeingia kitandani saa nne zilizopita hugongewa mlango.

Hesabu hiyo ni ya siku za kawaida. Kusini mwa nchi yetu mwaka hauna siku za kawaida tu. Korosho huanza kujaa maghalani mwezi Oktoba, na ikiisha kuuzwa mnadani mnunuzi huitaka bandarini upesi. Ufuta una msimu wake katikati ya mwaka. Tuseme wakati wa korosho treni zinaongezeka maradufu, nne kupanda na nne kushuka. Saa za kazi zinapanda kutoka 504 hadi 756 kwa wiki. Tukiwa na vikosi vyetu 14, na kama tumekuwa na busara ya kuwapeleka watu likizo kabla ya Oktoba, kila kikosi kitafanya saa 54 kwa wiki. Sheria inaruhusu saa za ziada 50 katika kila wiki 4, yaani wastani wa 12 na nusu kwa wiki juu ya zile 45. Kwa hiyo 54 ni halali, ingawa si raha, na kwa miezi mitatu mfululizo ni mzigo. Lakini tukiwa na vikosi 10, kwa sababu mtu fulani alikata vinne mwezi Machi alipoona wafanyakazi wameketi, kila kikosi kitatakiwa kufanya saa 75 na zaidi. Hapo sheria imevunjwa, na usingizi umevunjwa pamoja nayo.

Ndiyo maana mzigo wa Ruangwa una maana kubwa kuliko tani zake. Madini ya kinywe ya wilaya hiyo hayana msimu. Yanachimbwa masika na kiangazi. Reli inayobeba korosho peke yake italazimika kuwa na watu wengi kwa miezi mitatu na kuwatazama wakikaa kwa miezi tisa, au kuwachosha msimu mzima. Reli inayobeba korosho na kinywe inaweza kupanga mwaka wake: treni za madini zipungue kidogo wakati wa korosho, ziongezeke baadaye, na kikosi kilekile kipate kazi ya kudumu. Wanaopima faida ya tawi la Ruangwa wasiishie kwenye tani.

Kuna njia ya kupunguza idadi ya wafanyakazi ambayo ni halali na yenye akili. Ni kuitengeneza njia. Chukua mfano wetu uleule, lakini treni iende kilomita 60 kwa saa badala ya 25. Kikosi kinaondoka Mtwara asubuhi, kinafika Nachingwea kwa saa 3 na dakika 20, kinabadilisha mabehewa, na kinarudi nyumbani ndani ya zamu ileile ya saa 9. Zile saa 252 za safari zinakuwa 126. Jumla yote inashuka hadi 378, na vikosi vinavyohitajika vinakuwa 10 badala ya 14. Watu 12 wameokolewa bila mtu yeyote kunyimwa usingizi.

Kinyume chake pia ni kweli. Mkuu wa reli anayepunguza magenge ya njia, wale mafundi wa kokoto na mataruma, huonekana ameokoa mishahara. Mwaka wa pili kokoto zinapungua, mwaka wa tatu treni zinaamriwa kwenda polepole, na safari ya saa 4 inakuwa ya saa 9. Sasa anahitaji madereva zaidi, na kwa kuwa hakuwapanga, anawatumia walewale kwa saa nyingi zaidi. Reli mbovu hula watu. Idadi ya madereva na idadi ya mafundi wa njia ni hesabu moja, na kuwagawa katika idara mbili zisizosemezana ni kujidanganya.

Yupo atakayesema: kwa nini watu watatu katika treni moja? Dunia ya leo ina redio na kompyuta. Katika nchi nyingine dereva yuko peke yake. Swali hili ni la haki, na jibu lake linategemea njia na vifaa. Katika reli ya umeme yenye ishara za kisasa, kama ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, mitambo inafanya sehemu ya kazi ambayo zamani ilifanywa na macho ya watu. Katika njia moja ya mizigo inayokatisha vichaka, yenye milima na mvua, mtu wa pili ndiye anayeshuka kuangalia behewa lililokatika breki huku wa kwanza akiilinda injini.

Tarehe 6 Julai 2013, katika mji wa Lac-Mégantic nchini Kanada, treni ya mafuta yenye mabehewa 72 iliyokuwa imeegeshwa usiku na dereva aliyefanya kazi peke yake iliteremka yenyewe hadi mjini, ikalipuka na kuua watu 47. Wachunguzi hawakusema kwamba upweke wa dereva peke yake ndio uliosababisha maafa. Waliona sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni kwamba breki za mkono zilizofungwa zilikuwa 7 tu na hazikutosha. Hata hivyo Serikali ya Kanada ilipiga marufuku treni zenye shehena za hatari kuendeshwa na mtu mmoja. Nchi hiyohiyo ilikuwa imekwisha kupata somo la usingizi. Tarehe 8 Februari 1986, karibu na Hinton, treni ya mizigo ilipita ishara ya kusimama ikagongana na treni ya abiria, watu 23 wakafa, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye uchovu wa wafanyakazi na desturi za shirika zilizouzoea uchovu huo.

Sisi tunayo Igandu yetu, mkoani Dodoma. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Sitaji msiba huo ili kumlaumu mtu. Nautaja kwa sababu mlimani, breki zinapokataa, kilichobaki ni wafanyakazi wa treni: idadi yao, akili zao ziko macho kiasi gani, na walichofundishwa. Mtu anayetaka kupunguza namba hiyo aje na hesabu ya mteremko, asije na hesabu ya mishahara tu.

Jambo jingine ni makazi. Kama reli itakuwa ya mwendo wa polepole, kila usiku vikosi vitalala Nachingwea. Saa 12 za mapumziko ambazo sheria inazitaka haziwezi kupatikana kwenye benchi la stesheni. Panatakiwa nyumba yenye vitanda, vyandarua, maji, jiko, na vyumba vya wanawake, maana nao leo wamo katika kazi hii na idadi yao itaongezeka. Au pafuatwe njia nyingine: nusu ya vikosi iwe na maskani yake Nachingwea, treni mbili zikutane katikati ya njia, wafanyakazi wabadilishane, na kila mmoja arudi kulala kwake. Mtindo huu ni mzuri, hugharimu nyumba chache, na huwapa vijana wa Nachingwea na Ruangwa kazi bila kuhama. Una kasoro moja: treni moja ikichelewa, mipango ya watu wa pande zote mbili huharibika. Kwa hiyo unafaa pale tu ambapo ratiba inaheshimiwa. Binafsi ningeuchagua, kwa sababu ungewalazimisha wakubwa kuiheshimu ratiba.

Na watu 30 au 42 hao watatoka wapi? Reli ya Uhuru inatupa mfano. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Katikati ya kazi, mwaka 1972, wakati mataruma yalikuwa bado yanatandikwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Peking kusomea kazi za reli. Tazara ilikuja kupata matatizo mengi, ya injini, ya fedha na ya uongozi, na mafunzo peke yake hayakuyazuia. Lakini siku ya kukabidhiwa haikuwakuta Waafrika wakitafuta mtu wa kuwaonyesha breki iko wapi.

Dereva wa treni hapatikani kwa semina. Husoma kanuni, huwa msaidizi, huijua injini, kisha huijua njia yenyewe: kona, mteremko, daraja, mahali ambapo ng'ombe huvuka. Hii ya mwisho haipatikani Dar es Salaam wala ng'ambo. Chuo cha reli kipo Tabora. Chama cha Wafanyakazi wa Reli, TRAWU, kipo, na yafaa kiketi mezani siku ratiba ya kwanza inapochorwa, kisingoje siku ya mgogoro. Kijana anayemaliza kidato cha nne Ruangwa mwaka huu akianza mafunzo mwakani, miaka ya kumfikisha kwenye kuachiwa injini peke yake ni karibu sawa na miaka ya kujenga njia. Kwa hiyo fomu za Tabora zifike katika shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa mwaka uleule mkataba wa ujenzi utakapotiwa saini, na si mwaka wa kukata utepe.